Ngitili na Hesabu Yake
Hotuba juu ya utunzaji na uangalizi wa ardhi yetu



Katika kitabu cha sherehe ya miaka kumi watu hutazamia kusoma juu ya pamba, maghala na mizani. Mambo hayo wenzetu wamekwisha kuyaeleza vema. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya ardhi yenyewe: nani huitunza, na nani huiangalia ili ijulikane kama kweli yatunzwa. Hayo ni mambo mawili, na twaona kwamba la kwanza husemwa kila mkutano, bali la pili hupitiwa kimya.

Yafaa kukumbuka tulikotoka. Katika miaka ya 1920 na 1930 misitu mikubwa ya Shinyanga ilifyekwa kwa amri ya serikali ya kikoloni ili kuwafukuza mbung'o. Mbung'o walipungua kweli, ng'ombe wakaongezeka, na mashamba ya pamba yakafuata. Miti haikurudi. Baadaye likaundwa baraza la watemi wa Usukuma lenye makao yake Malya, na mwaka 1947 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Humo zilitoka amri nyingi: kulima kwa matuta, kutia samadi, kupunguza mifugo. Hatusemi kwamba amri zote zilikuwa mbaya. Matuta yanayozuia maji yana faida hata leo. Lakini mkulima hakuulizwa neno, alitozwa faini tu, na katika miaka ya 1950 amri zile zilichukiwa mno hata hazikuweza kudumu.

Kisha, katika miaka ya 1970, watu walihamishiwa vijijini, na familia nyingi ziliacha nyuma malisho zilizoyalinda kwa miaka. Mwalimu Julius Nyerere alipozuru mkoa huu mwaka 1984 alishtuka kuona jinsi nchi ilivyokuwa tupu. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi wetu twaujua kwa jina la HASHI.

Mwanzoni mradi ule ulitilia nguvu vitalu na miche. Faida kubwa, hata hivyo, ilipatikana pale uliposhika desturi iliyokuwapo tangu zamani, nayo ni ngitili. Kwa msomaji asiyetoka kwetu tueleze kidogo. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zianzapo, isiingiwe na mnyama, ili nyasi zikue na kukaukia papo hapo. Hufunguliwa katikati ya kiangazi, wakati malisho ya nje yamekwisha. Ipo ya familia, na ipo ya kijiji. Mizizi na visiki vya migunga vilivyokuwa vingali hai chini ya udongo huchipua vyenyewe, pasipo mtu kupanda.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, zilihesabiwa hekta zisizopungua 350,000 katika vijiji 833. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, dawa na mengineyo yatokayo humo yalikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa kila mtu kwa mwezi. Twajua vilevile kwamba fisi na ndege waharibifu walirudi pamoja na miti, na wenye mbuzi walilipa gharama ambayo haionekani katika hesabu hiyo.

Mkulima wa pamba apata nini humo? Afikiri habari za maksai wake. Mwezi wa Oktoba ng'ombe wengi wamepelekwa mbali kutafuta majani, na nyumbani hubaki ndama, ng'ombe wagonjwa, na wale wa kukokota plau. Ikiwa hawa hawana majani, mvua ya kwanza huwakuta wamekonda, hawawezi kuvuta. Mwenye plau husubiri juma moja, mawili, matatu, mpaka majani mapya yawatie nguvu; na pamba iliyochelewa kupandwa huonekana mizanini. Kwa hiyo ngitili ni jambo la Chama hiki sawasawa na mbegu na dawa ya wadudu.

Tuje kwenye uangalizi. Zamani dagashida, yaani mkutano wa wanakijiji, ilitunga masharti, na sungusungu wakayalinda. Aliyeingiza mifugo kabla ya siku alijulikana kabla jua halijachwa. Leo zipo sheria za nchi. Halmashauri ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, nayo hupata nguvu ikiidhinishwa na halmashauri ya wilaya; na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, yataka ziwepo kamati za mazingira tangu kijiji hadi wilaya. Hizo ni njia nzuri. Lakini ofisa mmoja wa wilaya hawezi kuzunguka kila kijiji na kutambua kwamba mpaka umesogezwa hatua ishirini.

Tena ile hesabu ya 2004 haiwezi kutumika bila kutazamwa upya. Mwaka 2012 mkoa wa zamani uligawanywa: Bariadi, Maswa na Meatu zikawa katika Simiyu, na Bukombe katika Geita. Kwa hiyo mtu asimamaye leo na kusema mkoa wa Shinyanga una hekta 350,000 za ngitili ataja nchi isiyo moja tena. Na hata ndani ya mipaka mipya, baba akifariki ngitili hukatwa vipande kwa warithi, kipande kimoja kikawa shamba la mpunga, kingine kikaliwa na tanuri la mkaa. Hakuna aliyevunja sheria waziwazi, na hata hivyo malisho yamekwisha.

Sisi twapendekeza kwamba kila chama cha msingi kiweke kitabu cha ngitili penye mizani, mahali ambapo kila mwanachama hufika. Kiandikwe jina la ngitili, pembe zake, ukubwa wake, siku iliyofungwa, siku iliyofunguliwa, na kina cha maji katika kisima kilicho karibu mwezi wa Oktoba. Nakala iende kwa kamati ya mazingira ya kijiji na kwa halmashauri ya wilaya kila mwaka. Wahesabuji wasiwe wenye ng'ombe wengi peke yao, maana hao hupenda ifunguliwe mapema. Wawemo wanawake wakatao kuni humo, na wasio na ng'ombe hata mmoja, ambao katika ngitili za kijiji mara nyingi sauti yao haisikiki.

Tunaomba Mkutano Mkuu uamue jambo hili kabla ya mvua za Novemba, kwa kuwa ngitili zikisha kufungwa na nyasi kurefuka, mawe ya mipaka hayaonekani tena.