Kompyuta Inapokataa Masasisho Baada ya Kuhama Mtandao

Maelezo ya Ofisa TEHAMA kwa watumishi wa kata na vituo vya afya



Kompyuta ya Ubuntu iliyozoea mtandao wa makao makuu, ikipelekwa kwenye kituo kinachotumia modemu ya simu, huweza kufungua tovuti kama kawaida lakini ikashindwa kupokea masasisho. Jambo hilo si dogo. Kompyuta yenye taarifa za wagonjwa, isiyopata masasisho ya usalama, ni nyumba isiyo na komeo.

Kwanza, tenganisheni njia na jina. Andikeni ping 1.1.1.1. Jibu likirudi, njia ipo. Kisha andikeni ping archive.ubuntu.com. Jina lisipotambuliwa, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Amri resolvectl status huonyesha seva inayoulizwa. Ikiwa ni ile ya mtandao wa zamani, iliyowekwa kwa mkono, iondolewe ili mtandao mpya utoe yake.

Pili, jina likitambuliwa, tazameni proksi. Pale ambapo masasisho yalipitia seva ya proksi, anwani yake hubaki katika faili zilizomo ndani ya /etc/apt/apt.conf.d hata baada ya kuhama. Kivinjari kina mipangilio yake, hivyo tovuti hufunguka huku apt ikibisha hodi kwenye mlango usiokuwapo. Amri apt-config dump | grep -i proxy huifichua. Wekeni alama // mwanzoni mwa mstari husika, kisha andikeni sudo apt update.

Tatu, baadhi ya mitandao ya Wi-Fi hudai nenosiri kupitia ukurasa maalumu. Apt hupokea ukurasa huo badala ya orodha ya programu, na ukaguzi wa saini hushindwa. Ingieni kwanza kupitia kivinjari, ndipo mrudie amri. Kagueni pia tarehe: saa ikiwa nyuma, orodha halali hukataliwa kwa kuwa muda wake haujafika.

Wapo watakaowashauri kuzima ukaguzi wa saini ili kazi iende. Msikubali. Saini ndiyo inayothibitisha kwamba programu imetoka kwa watengenezaji wake na haikubadilishwa njiani.

Mkishindwa, nakilini ujumbe wa kosa neno kwa neno, mtuletee Kitengo cha TEHAMA. Na kompyuta ikirudi makao makuu, mstari wa proksi urejeshwe.