Nguzo za Zamani, Datamu Mpya: Kuutoa Upimaji wa Tanzania Kwenye Arc 1960



Nimeombwa nizungumzie kuhuisha datamu za taifa. Hoja yangu naiweka mezani mapema. Setilaiti hatuzikosi, na hesabu za kuhamisha koodineti kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine zinafundishwa vyuoni mwetu. Kitakachotukwamisha ni nguzo za zege zilizosimikwa juu ya vilima tangu enzi za ukoloni, ambazo leo zinabomolewa na kusahaulika kabla hatujazipima upya. Nguzo hizo zikiisha, viwanja na mashamba yaliyopimwa kwa miongo mingi yatakosa njia ya uhakika ya kuingia kwenye mfumo mpya.

Kwa wenzetu wasio wapima, nieleze kidogo. Dunia haina umbo linaloandikika kwa hesabu nyepesi, kwa hiyo tunaiwakilisha kwa elipsoidi, yaani tufe lililobonyea kidogo kwenye ncha zake. Datamu ni uamuzi wa elipsoidi ipi itumike na ikae wapi. Arc 1960, ambayo ramani zetu nyingi zimejengwa juu yake, hutumia elipsoidi ya Clarke ya mwaka 1880, yenye nusu kipenyo cha ikweta cha mita 6,378,249. WGS84, inayotumiwa na simu zetu, ina mita 6,378,137. Tofauti hiyo ya mita 112 ni ndogo ukiilinganisha na jambo jingine: kitovu cha elipsoidi ya Arc 1960 kiko zaidi ya mita 300 kutoka kitovu cha uzito wa dunia. Waliofanya hesabu zake hawakuwa na njia ya kukijua kitovu hicho. Walichokuwa nacho ni nyota, theodolaiti na vilima.

Kazi yao ilianzia mbali. Mwaka 1879 David Gill, mnajimu wa serikali ya Uingereza huko Cape, alipendekeza mlolongo wa pembetatu upimwe kufuata longitudo ya nyuzi 30 Mashariki, kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Kituo cha msingi kikawa Buffelsfontein, karibu na Port Elizabeth. Kipande cha Tanganyika kilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 chini ya Martin Hotine, na pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Vitabu vimehifadhi majina ya maofisa. Wapagazi waliopandisha zege, maji na vyombo hadi vileleni hawakuandikwa, na mimi nawahesabu kuwa waasisi wa taaluma yetu nchini sawa na hao maofisa.

Maana yake ni kwamba koodineti za kiwanja cha Morogoro au Tabora zimefika hapo kwa kurithishana, pembetatu hadi pembetatu, kwa maelfu ya kilometa. Kila pembe ilikuwa na kosa lake dogo. Makosa hayo yalisawazishwa kwa uwezo wa hesabu wa wakati ule, lakini hayakwisha: yalitawanyika, mahali pengine mengi, mahali pengine machache. Kwa hiyo Arc 1960 imepinda ndani kwa ndani, na haikupinda kwa kiasi kimoja nchi nzima. Hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Tazama sasa kinachotokea mpima anapochanganya mifumo. Katika UTM, gridi ya mita ya ramani zetu, koodineti za Arc 1960 na za WGS84 hutofautiana kwa karibu mita 300 kaskazini–kusini, na kwa makumi ya mita, hadi karibu 100, mashariki–magharibi. Chukua karatasi ya ramani za 1:50,000 za mfululizo wa Y742, soma koodineti za shule, ziingize kwenye simu bila kubadili mpangilio, nawe utasimamishwa shambani kwa mtu. Kosa la ukubwa huo hujitangaza. Mpima huliona siku hiyo hiyo na kulirekebisha.

Kosa la mita chache halijitangazi, na ndilo linalofika barazani na mahakamani. Programu nyingi zina seti zaidi ya moja ya tarakimu za kuhamisha Arc 1960 kwenda WGS84. Iliyokokotolewa kwa Kenya na Tanzania kwa pamoja inasema mita −160, −6 na −302 kwa X, Y na Z. Ya Tanzania peke yake inasema −175, −23 na −303. Ukizilinganisha kwa Dar es Salaam, tofauti yao kubwa huangukia kwenye urefu, lakini karibu mita 5 hubaki kwenye mlalo. Mita 5 ni njia ya mtaa. Kijana wa ofisini anachagua mstari mmoja kwenye orodha ya programu, mwenzake wa ofisi jirani anachagua mwingine, na michoro miwili ya mtaa mmoja haikutani tena. Hakuna aliyezembea. Wote wawili wametumia tarakimu zilizochapishwa, isipokuwa tarakimu hizo zilitengenezwa kwa ajili ya ramani za uwiano mdogo, hazikukusudiwa mipaka ya viwanja.

Nchi tayari ina mfumo mpya wa rejea, TAREF11, uliofungwa kwenye ITRF, mfumo wa kimataifa. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima na imefanywa. Februari 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha azimio kuhusu mfumo mmoja wa rejea wa kijiodesia kwa dunia nzima, na kwa bara letu mradi wa AFREF unalenga huko huko. Lakini mfumo mpya usio na daraja la kuufikia ule wa zamani unaigawa kumbukumbu ya ardhi mafungu mawili: iliyopimwa jana na itakayopimwa kesho.

Daraja lenyewe hujengwa hivi. Unapanda kwenye nguzo ya zamani ambayo koodineti zake za Arc 1960 zimo kwenye daftari, unaweka kipokezi cha setilaiti juu yake kwa saa kadhaa, unapata koodineti zake katika TAREF11. Ukiondoa mhamo wa jumla, kinachobaki ni mpindo wa mahali hapo. Ukifanya hivyo kwenye nguzo nyingi zilizotawanyika vizuri, unapata gridi ya masahihisho inayoijua Kigoma kwa upande wake na Lindi kwa upande wake. Nguzo nyingine unaziacha nje ya hesabu makusudi, ili uzitumie kuijaribu gridi: ikikosea pale, haiko tayari kupewa halmashauri. Mijini lazima nguzo ziwe za karibu zaidi, kwa sababu mitaa mingi ilipimwa nyakati tofauti kutoka vituo tofauti, na mahali ambapo upimaji wa kale ulikutana na mpya ndipo penye mikwaruzo.

Hesabu yote hiyo inategemea nguzo iliyo hai. Nguzo zetu zinakufa kwa sababu zinazojulikana. Vilima vinachongwa kwa ajili ya kokoto. Minara ya mawasiliano inajengwa kwenye kilele kile kile alichokichagua mpima, maana naye alitaka paonekane mbali. Wakulima wanapanda juu hadi kileleni. Kuna pia imani, hasa kwenye mikoa yenye masalia ya Wajerumani, kwamba chini ya alama ya zege imezikwa mali. Watu huchimba usiku, hawapati rupia hata moja, na kituo kilichobeba wilaya nzima kinakuwa kifusi. Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, inalinda alama za upimaji, lakini mwenyekiti wa kijiji hawezi kulinda kitu asichoambiwa ni nini. Nawaomba maofisa ardhi: mkienda kijijini kwa ajili ya hati za hakimiliki za kimila, ulizeni nguzo iko wapi, na mbele ya mkutano semeni ni ya nini.

Wananchi nao wana swali moja, na ni la haki: je, mpaka wangu utahama? Hautahama. Namba zinabadilika, bikoni zinabaki zilipo. Mpaka wetu na Uganda, magharibi ya Ziwa Victoria, unafundisha jambo hili vizuri. Uliandikwa kufuata latitudo ya nyuzi 1 Kusini, kisha ukawekewa nguzo mwanzoni mwa karne ya 20 na tume ya Waingereza na Wajerumani iliyosoma nyota. Nyuzi 1 Kusini ya simu haipiti kwenye nguzo hizo, na hakuna anayepaswa kuisogeza nchi kufuata simu. Alama iliyokubaliwa ardhini inatangulia, koodineti inaieleza. Tukiwaambia watu hivyo mapema, tutaokoa kesi nyingi.

Datamu mpya inaleta na jambo ambalo ya zamani haikutudai: tarehe. Katika ITRF ardhi yetu inasafiri takriban sentimita 3 kwa mwaka kuelekea kaskazini mashariki. Miaka kumi ni sentimita 30. Mpima anayetuma data zake kwenye huduma za ukokotoaji za intaneti hurudishiwa koodineti za siku aliyopima. Akizipachika juu ya kituo cha TAREF11 bila kuzirudisha kwenye tarehe ya mfumo, ukuta wa jirani tayari umeingia ndani. Australia inasafiri kwa kasi zaidi, sentimita 7 kwa mwaka, na ilipotoka datamu yake ya GDA94 kwenda GDA2020 namba zake zilihama mita 1.8.

Sisi tuna ugumu wa ziada. Bonde la Ufa linapita ndani ya nchi, na Tanzania haikai kwenye bamba moja: mashariki iko upande wa bamba la Somalia, eneo la Ziwa Victoria ni bamba dogo linalojizungusha, na magharibi ya Ufa wa Tanganyika ni bamba la Nubia. Mabamba haya yanaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka, lakini mara nyingine ardhi haingoji mwaka. Julai 2007, karibu na milima ya Gelai na Ol Doinyo Lengai, matetemeko yaliyofikia kipimo cha 5.9 yaliambatana na magma iliyopasua miamba chini ya ardhi, na uso wa ardhi ukashuka na kupanuka. Nyuzilandi, iliyo juu ya mpaka wa mabamba, imeingiza modeli ya mabadiliko ya ardhi ndani ya datamu yake. Naamini nasi tutahitaji ya kwetu, walau kwa Arusha, Manyara na maeneo ya magharibi, na itawezekana tu ikiwa vituo vya kudumu vya kupokea setilaiti vinapata umeme na fundi mwaka mzima.

Kuhusu urefu nitasema machache, ingawa unastahili semina yake. Urefu wetu umetokana na usawa wa bahari uliopimwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Setilaiti haijui bahari: ufukweni Dar es Salaam kipokezi huonyesha namba hasi ya mita ishirini na kitu, kwa kuwa jioidi, uso ambao maji yangetulia juu yake, hapo iko chini ya elipsoidi. Bila modeli nzuri ya jioidi, mhandisi wa maji hawezi kuutumia urefu huo. Kilimanjaro yenyewe iliandikwa mita 5,895 kutokana na upimaji wa mwaka 1952. Wapima waliopanda na vipokezi mwaka 1999 walipata 5,892.55. Mlima haukupungua. Njia ya kupima na uso wa kuanzia ndivyo vilivyobadilika.

Mapendekezo yangu ni ya kazi ya kila siku. Kila faili na kila ramani ya upimaji iandikwe jina la datamu, kanda ya UTM, tarehe ya koodineti na tarakimu za uhamisho zilizotumika. Wizara itangaze seti moja rasmi ya muda wakati gridi ikiandaliwa. Wapima wastaafu waitwe na kulipwa wakaonyeshe nguzo wanazozikumbuka, wakiwa bado na nguvu za kupanda. Na kila mpima, wa serikali au wa kampuni binafsi, anayefanya kazi karibu na nguzo ya zamani, aweke kipokezi juu yake kwa saa mbili walau, kisha apeleke data ghafi kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani pamoja na picha ya nguzo, namba yake, na urefu wa antena, akitaja kama aliupima wima au mshazari.