Mcheza kwao hutunzwa

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi wa mjini hulicheka kwanza, kisha hulikasirikia, na mwishowe hulilipia. Jambo lenyewe ni mtoto anayependa densi. Sisemi ile densi ya harusini ambayo kila mtoto huicheza huku shangazi zake wakimpigia makofi. Nasema densi inayofundishwa, yenye mwalimu wake, saa zake na ada yake. Hasa nasema baleti, kwa sababu binti yangu mwenye umri wa miaka 8 ameicheza tangu alipokuwa na miaka 5, na kwa muda huo nimeulizwa maswali mengi na jamaa, majirani na wenzangu kazini. Naomba niyajibu leo hadharani.

Swali la kwanza ni hili: hiyo si ngoma ya Wazungu? Ni kweli, asili yake ni Ulaya. Ilianzia katika majumba ya watawala wa Italia, ikahamia Ufaransa, na mwaka 1661 Mfalme Louis wa 14 akaianzishia chuo mjini Paris. Ndiyo sababu mpaka leo mtoto wa Nairobi akikunja magoti katika mazoezi hutumia neno la Kifaransa, plié. Lakini haikukaa Ufaransa. Ilikwenda Urusi, ikafika Kuba, Uchina na Japani, na kila taifa likaifanya yake. Mpira wa miguu nao tuliletewa kutoka Uingereza, na sijaona mzazi anayemkataza mwanawe kuucheza kwa sababu hiyo.

Mama yangu mzazi, ambaye ni mwenyeji wa Kakamega, alipotutembelea alimkuta mjukuu wake ameshika mgongo wa kiti, akinyoosha mguu mmoja mbele, kando na nyuma, tena na tena. Alimtazama kimya kwa muda mrefu. Nilidhani atakemea. Badala yake aliuliza, "Nani anamfundisha, na atafundishwa kwa muda gani?" Nilipomwambia kwamba ni kazi ya miaka mingi, alisema kwamba hata isukuti si ya kila mwenye mikono. Zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo huitwa baba, mama na mtoto, zina wenyewe waliojifunza kwa wazee wao. Isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, maana vijana wanaoirithi wanapungua. Tangu siku ile binti yangu hufanya mazoezi ya baleti asubuhi, na Kukhu akiwapo, jioni hufundishwa isukuti. Sijaona mguu wake ukichanganyikiwa.

Swali la pili linahusu mavazi. Wako wanaoona kwamba nguo za kubana mwili si za adabu. Hili silidharau, maana kila nyumba ina imani na desturi zake. Nguo hubana ili mwalimu aone goti na mgongo vimekaaje, asije mtoto akaumia huku kosa limefichwa na kitambaa. Mzazi mwenye wasiwasi na azungumze na mwalimu mapema. Sketi fupi juu ya soksi ndefu imekwisha kutuliza nyumba nyingi.

Lakini kuna jambo la mavazi ambalo lilinigusa zaidi. Kwa desturi, soksi na viatu vya baleti vilikuwa vya rangi ya waridi, ili mguu uonekane mstari mmoja tangu kiunoni hadi kidoleni. Mstari huo hupatikana ikiwa mguu wenyewe ni mweupe. Mtoto wetu akivaa hivyo, anakatwa vipande viwili. Marehemu Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi aliyeanzisha Dance Theatre of Harlem mwaka 1969, aliliona hilo, na wachezaji wa kundi lake wakaanza kuvaa rangi za ngozi zao. Hata hivyo kwa miaka mingi mchezaji mweusi alilazimika kukaa na sifongo na poda akivipaka rangi viatu vyake mwenyewe. Ni mwaka 2018 tu ambapo kiwanda cha Freed cha London, kikishirikiana na kundi la Ballet Black, kilianza kuuza viatu vya ncha vya rangi ya kahawia. Kwa hiyo binti yangu aliponiuliza kwa nini miguu yake haifanani na ya kwenye picha, nilimwambia kwamba miguu yake haina kasoro, ni soksi zilizokosea. Nilimwonyesha picha ya Misty Copeland, ambaye mwaka 2015 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupandishwa daraja la juu kabisa katika American Ballet Theatre. Kisha tukachukua soksi nyeupe na majani ya chai, tukazitia rangi sisi wenyewe jikoni.

Swali la tatu ni la fedha. Je, haya si mambo ya matajiri? Ada ipo, na haifai kuificha. Lakini tusidhani kwamba baleti haiwezi kuvuka ua wa matajiri. Kibera, mwalimu Michael Wamaya amewafundisha watoto baleti katika madarasa ya kawaida, madawati yakisogezwa pembeni na sakafu ikifagiliwa. Mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa walimu 10 waliofika fainali ya tuzo ya mwalimu bora duniani. Kwetu, viatu vya binti yangu vya kwanza vilikuwa vimevaliwa na mtoto mwingine, na vilipombana vikaenda kwa wa tatu. Sheria ya nyumba yetu ni moja tu: densi ya dada haitalipwa kwa karo ya kaka. Mtoto anayejua kwamba mwenzake ameumizwa kwa ajili yake huubeba mzigo ambao si wake.

Sasa, msikilizaji, nafika kwenye kiini cha mazungumzo yangu. Adui mkubwa wa mtoto anayependa densi si umaskini, wala si shangazi anayecheka. Ni haraka ya watu wazima.

Mwaka jana, mahali alipokuwa akifundishwa, palikuwa na onyesho la kufunga mwaka. Tukaambiwa sisi wazazi tununue viatu vya ncha, vile vinavyomsimamisha mchezaji juu ya vidole, kwa wasichana wa miaka 8, ili picha zipendeze. Wengi hudhani ndani ya viatu hivyo mna mbao au chuma. Hamna. Ncha yake ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na chini kuna wayo mgumu. Uzito wote wa mwili hushukia hapo. Mifupa ya mguu wa mtoto wa miaka 8 bado inakomaa, na misuli ya kifundo haijapata nguvu. Walimu makini hungoja mpaka mtoto afike kama miaka 11 au 12, tena awe amefanya mazoezi ya dhati kwa miaka kadhaa, na hata hapo humkagua mmoja mmoja.

Nilikataa. Nikaambiwa nauzima moto wa mtoto. Binti yangu akaondolewa katika onyesho, akalia, na kwa siku kadhaa alinijibu kwa "ndiyo" na "hapana" tu. Msikilizaji, hakuna jambo gumu kama kumnyima mtoto kitu anachokipenda kwa sababu unapenda miguu atakayotembelea akiwa mtu mzima. Mke wangu alimketisha, akamchorea mguu kwenye karatasi, akamwonyesha pale ambapo mfupa haujawa tayari. Hakufurahi, ila alielewa. Mwezi uliofuata tulimpeleka kwa mwalimu mwingine, ambaye siku ya kwanza aliwaketisha watoto sakafuni bila viatu na kuwafundisha kunyoosha na kukunja vidole. Binti yangu anaipenda baleti kuliko zamani. Huhesabu kwa vidole miaka iliyobaki kabla ya viatu vya ncha, na hajasahau hata mwezi mmoja.

Kwa hiyo, mzazi, usione haya kumuuliza mwalimu maswali. Amesomea wapi? Anawafundisha watoto kugeuza mguu nje kuanzia nyongani, au anawalazimisha kupinda goti? Anawaambia nini juu ya chakula na unene? Mwalimu anayemwambia mtoto wa miaka 8 apunguze kula, mchukue mwanao urudi naye nyumbani siku hiyohiyo.

Nawe jiulize pia: mapenzi haya ni ya nani? Mchezaji mashuhuri wa Kuba, Carlos Acosta, alipelekwa baleti na baba yake, dereva wa lori mjini Havana, ili asipotelee mitaani. Mtoto mwenyewe alitaka mpira, akawa anatoroka shuleni. Baadaye aliipenda, mwaka 1990 akashinda mashindano ya Lausanne, na tangu mwaka 2020 ni mkurugenzi wa Birmingham Royal Ballet. Hadithi hiyo ni tamu, lakini kwa kila mtoto aliyesukumwa akafika, wako waliosukumwa wakachukia. Mimi humwangalia binti yangu wakati hajui kwamba namwangalia. Akiwa anafanya mazoezi pasipo mtu wa kumpigia makofi, najua ni yake. Siku atakapoacha kufanya hivyo, nitamuuliza kwa upole, na akisema imetosha, itakuwa imetosha.

Wengi wa watoto hawa hawatalipwa kwa kucheza, na huenda wangu akawa mmoja wao. Lakini mtoto aliyezoea kurekebishwa bila kununa, anayejua kwamba jambo zuri huchukua miaka, na ambaye nyumbani kwake hakuchekwa, huyo hajapoteza muda wala sisi hatujapoteza fedha. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kutunza ni kumpa zawadi, na pia ni kumlinda. Mtoto wako akianza kucheza, fanya yote mawili.