Chumba Gisenyi ni ghali: mji unaweza kufanya nini?

(Muziki wa kipindi. Sauti ya mtangazaji.)

Leo tunazungumza juu ya nyumba. Hatuzungumzi juu ya hema wala shitingi. Tunazungumza juu ya nyumba ya mjini, yenye mlango wa kufunga kwa ufunguo na kodi ya kila mwezi. Wengi wetu tuna ndugu aliyetoka kambini kwenda kujaribu maisha Gisenyi. Akipiga simu, habari ya kwanza ni kwamba chumba ni ghali, na mwenye nyumba anataka garanti ya miezi kadhaa kabla hajatoa ufunguo.

Watu husema bei imepanda kwa sababu wakimbizi wamejaa. Hiyo ni nusu ya habari. Ni kweli kwamba Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya watu wa Goma walivuka mpaka usiku mmoja. Ni kweli pia kwamba vita vilipoingia Goma Januari 2025, watu walivuka tena. Lakini wageni peke yao hawapandishi kodi. Kodi inapanda pale ambapo watu wanaongezeka na vyumba haviongezeki. Na Gisenyi ni mji uliobanwa: upande mmoja ziwa Kivu, upande mwingine mpaka, nyuma yake vilima.

Mji ukibanwa hivyo, mtu mwenye pesa kidogo huenda pale ambapo mwenye pesa nyingi hataki kukaa, kandokando ya mto au kwenye mteremko. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa ilipiga magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na watu zaidi ya 130 walikufa. Hapa Rubavu, mto Sebeya ulitoka njiani mwake ukabomoa nyumba za watu waliokaa karibu nao. Miaka miwili kabla ya hapo, matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo yalikuwa yamepasua kuta nyingi mjini. Kwa hiyo tunaposema nyumba ya bei nafuu, tuangalie nafuu hiyo imetoka wapi. Ikiwa imetoka kwenye udongo unaoporomoka, mpangaji atalipa kwa njia nyingine.

Basi mji uanzie wapi? Wengi watajibu kwamba ujenge majumba. Mimi naona uanze na viwanja. Mjenzi akinunua shamba tupu halafu avute barabara, maji na umeme kwa pesa yake, gharama hiyo yote ataiweka kwenye bei ya nyumba. Serikali ya Rwanda imeliona hilo, na ina utaratibu wa kugharamia miundombinu ya miradi inayokubali kuuza nyumba kwa bei ya chini. Jambo hili lina historia. Miaka ya 1970, Dar es Salaam ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na mabomba, kisha watu wakajenga wenyewe. Mtu alianza na vyumba viwili, akahamia, akaongeza kimoja kila alipopata. Ukienda Sinza leo utakuta si mtaa wa maskini tena. Viwanja vizuri huwavuta wenye uwezo, na mji usipolinda nani anapata, baada ya miaka michache aliyekusudiwa atakuwa ameuza na kuondoka.

Baada ya kiwanja inakuja pesa, na pesa ya nyumba lazima iwe ya muda mrefu. Tupige hesabu kidogo. Mtu akikopa faranga milioni 10 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 17, atalipa kama faranga 147,000 kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 11, atalipa kama 103,000. Nyumba ni ileile, tofauti ni faranga 44,000 kila mwezi. Ndiyo sababu benki ya maendeleo ya Rwanda, BRD, inaendesha mpango wa Gira Iwawe, yaani uwe na kwako, wenye mkopo wa asilimia 11. Ni mpango mzuri, lakini unamfaa mtu ambaye benki inaweza kuliona pato lake. Mama anayevuka Petite Barrière asubuhi na beseni la nyanya, akarudi jioni na faida mkononi, karatasi ya mshahara ataitoa wapi?

Kwa mama huyo kuna mfano kutoka Nairobi. Mtaani Huruma kuna kijiji kiitwacho Kambi Moto. Wakaaji wake walikuwa wanaishi kwenye vibanda vya mabati. Waliungana na Muungano wa Wanavijiji, wakawa wanaweka akiba kidogo kidogo, kama sisi tunavyofanya kwenye likelemba, au kwenye ikimina kama Wanyarwanda wanavyosema. Mji ulifanya mambo mawili tu, lakini makubwa: ulikubali wabaki pale pale, na ulilegeza kanuni za ujenzi ili mtu aweze kujenga kwenye kipande kidogo sana cha ardhi kwa kupanda juu. Kuanzia mwaka 2003 wakajenga nyumba za ghorofa nyembamba, hatua kwa hatua, wakibeba mawe na mchanga wenyewe. Akiba ya maskini ipo siku zote. Mara nyingi kinachokosekana ni ruhusa.

Na pesa ya mji wenyewe itoke wapi? Vienna, huko Austria, baada ya vita vya kwanza vya dunia ilikuwa na njaa na watu wasio na makao. Mwaka 1923 ikaanzisha kodi maalumu ya nyumba, mwenye jumba kubwa akilipa zaidi sana kuliko mwenye chumba. Kufikia 1934 ilikuwa imejenga nyumba zaidi ya 60,000 za kupangisha. Kenya imechagua njia ya mishahara: mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Mahakama ilikataa mpango huo Novemba 2023, bunge likaurudisha kwa sheria mpya Machi 2024. Wakenya bado wanabishana, na si juu ya makato tu. Wanauliza ni nani hasa atakayepewa ufunguo.

Rwanda ina chombo ambacho nakipenda zaidi. Kodi ya ardhi na majengo huingia kwenye mfuko wa wilaya, na sheria ya mwaka 2018 iliweka kwamba kiwanja kisichoendelezwa kilipiwe kodi mara mbili. Maana yake, anayeshikilia kiwanja tupu karibu na ziwa akingoja bei ipande, analipia kungoja kwake. Mji unaweza kuichukua pesa hiyo na kuvuta bomba la maji hadi mtaa ulio mbali na mto.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wapangaji. Kigali, bondeni Mpazi, wenye viwanja kwenye mteremko hubadilishiwa ardhi yao kwa nyumba za ghorofa palepale, bila kuhamishwa mbali na kazi zao. Ni vizuri sana. Lakini mpango wa namna hiyo humhesabu kwanza mwenye ardhi. Aliyekuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya nyumba, hana ardhi ya kubadilishana. Na mkimbizi mjini kwa kawaida ndiye huyo wa chumba cha nyuma. Mwenye nyumba wake si kampuni, ni familia ya kawaida. Familia hiyo ikipata mkopo mdogo wa kuongeza vyumba viwili na choo, na kibali kisichochukua mwaka mzima, mtaa mzima utapumua. Vifaa vipo: mawe ya volkeno, amakoro, yamejaa ardhini hapa, na tangu 2019 matofali ya rukarakara yameruhusiwa kwa masharti. Masharti hayo yafuatwe, maana ardhi hii hutetemeka.

Wewe unayefikiria kwenda mjini, kwanza uliza ofisi ya kambi msaada wako utakuwaje ukihama. Ukipata chumba, omba mkataba wa maandishi na risiti ya garanti. Uliza nani analipa maji. Kisha zungumza na majirani, si na mwenye nyumba, uwaulize maji ya Mei 2023 yalifika wapi. Mara nyingi watakuonyesha alama ukutani.

Ni hayo kwa leo. Mwenye swali amwachie kiongozi wa mtaa wake, tutalijibu kipindi kijacho.

(Muziki.)