Mashindano ya Makasia na Adabu ya Mgeni



Leo nataka kuwaelezeni habari za visiwa vya Scilly, vilivyo baharini kusini-magharibi ya Uingereza. Wenyeji wake wapata 2,000 tu. Mwaka 1990 yalianzishwa huko mashindano ya kuvuta makasia, na wakati wake ni mwanzo wa mwezi wa Mei.

Kila mashua ina wavutaji sita na mshika usukani mmoja. Zamani mashua za namna hii zilikimbilia merikebu ili kumfikisha rubani, na iliyotangulia ndiyo iliyopata ujira. Moja, iitwayo Bonnet, iliundwa mwaka 1830, nayo ingali ikivutwa.

Siku hizi ujira huo haupo, ila ujirani upo. Wageni huja kwa maelfu, hata vyumba havitoshi, na wengine hulala mahemani. Mchana hushindana kwa nguvu zote kutoka St Agnes mpaka St Mary's, na watu hujaa gatini kuwashangilia. Jioni wale wale walioshindana huketi pamoja, wakala, wakanywa na kuimba.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini wageni wakiwazidi wenyeji, hapana budi adabu izidi pia. Basi, ndugu zangu, ukienda kutazama mashindano ugenini, tafuta malazi mapema, usipoteze maji, wala usipige kelele usiku. Ushindi husahauliwa upesi. Mgeni mwema hukumbukwa, tena hualikwa.