KAZI KUBWA IKICHELEWA, NI NANI ANAYELIPA?

(Hotuba ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya stima ya atomiki, kwa kuwa serikali yetu imeunda shirika la kazi hiyo kwa sheria ya mwaka wa 2019, na wengi wenu mwauliza kama kutakuwa na kazi. Mimi si mtaalamu wa atomiki. Nitasema juu ya jambo lituhusulo sisi: kazi kubwa ikichelewa, ni nani anayelipa?

Twende mpaka nchi ya Finland, kaskazini ya Ulaya. Huko, katika kisiwa cha Olkiluoto, kampuni iitwayo TVO iliagiza mtambo wake wa tatu wa atomiki. Mtambo huo hauna uchawi. Kwetu Olkaria mvuke hutoka ardhini ukazungusha mashine za stima. Kule joto la madini ya urani ndilo lichemshalo maji, na mvuke wake huzungusha mashine vile vile. Nguvu zake ni megawati 1,600.

Ujenzi ulianza mwaka wa 2005. Areva ya Ufaransa na Siemens ya Ujerumani waliahidi kumaliza mwaka wa 2009, kwa bei ya kukatiwa ya karibu yuro bilioni 3. Mwaka wa 2006 wakaguzi wa serikali waliona kasoro katika simiti ya msingi, tena wakaona kwamba kazi ilianzwa kabla michoro haijakamilika. Mabomba makubwa nayo yalilazimika kutengenezwa upya. Ndugu, kila fundi aliye hapa ajua jambo hili: ukijenga na ramani haijaisha, utabomoa ujenge tena.

Stima ya kwanza iliingia katika nyaya za nchi Machi 2022. Oktoba mwaka ule ule nyufa zikaonekana katika pampu za maji, wakangoja tena. Kazi ya kawaida ilianza tarehe 16 Aprili 2023, miaka 14 baada ya wakati ulioahidiwa. Gharama zatajwa kuwa kadiri ya yuro bilioni 11.

Matajiri hao walishtakiana miaka mingi. Mwaka wa 2018 walipatana, na wajenzi wakakubali kumlipa TVO yuro milioni 450. Kila upande ulikuwa na mawakili wake. Je, mfanyi kazi alikuwa na nani?

Sikilizeni. Kazi ile haikufanywa na kampuni moja. Kontrakta mkubwa alimpa kontrakta mdogo, na huyo akampa mwingine. Kampuni moja ya Poland, Elektrobudowa, ilileta mafundi wa stima kutoka kwao. Mapatano yao yaliandikwa Poland, kwa sheria ya Poland, lakini jasho lao lilimwagika Finland. Mafundi 186 walidai ya kwamba hawakulipwa kiwango cha chini cha mshahara kilichowekwa na mapatano ya vyama na waajiri wa Finland.

Walifanya nini? Hawakwenda kunung'unika mmoja mmoja kwa mnyapara. Kila mmoja alikabidhi madai yake kwa chama cha mafundi wa stima cha Finland, na chama kikaenda kortini. Madai yote pamoja yalizidi yuro milioni 6. Kampuni ikajibu: sheria ya Poland yakataza mtu kumpa mwingine madai ya mshahara wake, basi chama hakina haki ya kusimama hapa.

Neno hilo lilipelekwa mpaka Korti Kuu ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg. Tarehe 12 Februari 2015 korti ilisema kwamba sheria ile ya Poland haiwezi kukizuia chama kuwadai mafundi haki yao. Tena ilisema: malipo ya likizo yamo katika haki ya mfanyi kazi, posho ya siku ya kukaa mbali na kwao imo, na malipo ya muda wa safari ya kwenda kazini yamo pia, ikiwa safari yapita saa moja kwa siku. Lakini nyumba na tikiti za chakula alizotoa tajiri hazihesabiwi kuwa ni mshahara. Korti ile haikuhesabu pesa; kazi hiyo iliachiwa korti ya Finland. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Ndugu zangu, sisi hatupingi kazi kubwa. Mtambo ule sasa watoa kadiri ya sehemu moja katika saba ya stima ya Finland, na mikono ya mafundi ndiyo iliyoumaliza. Lakini iwe ni mtambo, reli au barabara, kazi ikichelewa kontrakta hutafuta mahali pa kupunguza, na mahali palipo karibu naye ni mshahara wako.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, ulizeni mwajiri wenu ni nani hasa, na mapatano yenu ni ya sheria gani, kabla ya kutia sahihi. Pili, wekeni kila karatasi ya mshahara. Mdai bila karatasi ni mpiga kelele. Tatu, mgeni akiletwa kwa mshahara mdogo, msimwite adui. Mwiteni chamani. Mafundi wa Finland wangaliwatupa wale wa Poland, mshahara wa wote ungalishuka.

Kidole kimoja hakivunji chawa.