Chaneli za Mashabiki wa Muziki: Nani Hulipwa?

Hotuba ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa vijana wa Kericho na Bomet

 

Vijana wengi hapa wamefungua chaneli za YouTube za kuwaenzi wanamuziki wetu wa Kipsigis. Watazamaji wanaongezeka, lakini swali ni lile lile: mbona pesa haziingii?

Tuanze na masharti. Ili upate mgao wa matangazo, chaneli yako inahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hizo ni dakika 240,000, sawa na wimbo wa dakika 4 kutazamwa mpaka mwisho mara 60,000. Ukikubaliwa, unapata asilimia 55 ya pesa za matangazo ya video ndefu, na hulipwi mpaka zifike dola 100.

Sasa tufikirie majani chai. Ukichuma majani ya jirani ukayapeleka kituoni, jasho ni lako lakini mali ni yake. Wimbo ni vivyo hivyo. YouTube ina mfumo unaotambua nyimbo zilizosajiliwa. Mwenye wimbo anaweza kuifunga video yako, au kuchukua pesa zote za matangazo yake. Akilalamika rasmi, unapewa onyo. Maonyo 3 ndani ya siku 90 yanaweza kufuta chaneli nzima, pamoja na wafuasi uliowatafuta kwa miaka.

Kwa hivyo, kwanza omba ruhusa ya maandishi kwa mwenye wimbo, na mkubaliane mapema jinsi mtakavyogawana mapato. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo inayoisimamia.

Pili, ongeza kazi yako mwenyewe. Hata ukiwa na ruhusa, YouTube hukataa kulipa chaneli inayorudia tu kazi za watu. Eleza maana ya maneno ya Kipsigis kwa Kiswahili, wahoji wapigaji gitaa wa zamani, simulia wimbo ulizaliwa vipi.

Tatu, andika majina. Mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis pale Kapkatet wakiimba "Chemirocha", jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyejulikana hapa kupitia santuri. Kwa kuwa Tracey aliandika mahali na jina la mwimbaji, zaidi ya miaka 60 baadaye maktaba ya ILAM ya Afrika Kusini na Ketebul Music ya Nairobi waliweza kuzirudisha rekodi hizo nyumbani. Video isiyo na jina la mwimbaji inampotezea yeye na watoto wake haki yao.

Mwisho, weka hesabu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali ya wakazi wa Kenya.

Vijana, mapenzi yenu kwa muziki wetu yana thamani. Kabla ya kupakia wimbo mwingine usiku wa leo, mpigieni simu mwenyewe. Wengi wao mnaishi nao wadi moja.